Aliyeitikia Jina la Austine

Mzigo wangu ulifika stendi ya mabasi ya Ukambani jua likizama, na kondakta akanipokeza haraka, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Ni yako hii?"

"Ni yangu."

"Chukua, buda. Njia nzima hakuna abiria alitaka kukaa karibu nayo."

Nilicheka. Makondakta wa Kitui wanapenda stori, na mimi si mtu wa kuogopaogopa. Mimi ni Mutie, fundi wa vitanda hapo soko la Gikomba, na mtu akishindana na wateja wa Gikomba kwa miaka, mizimu inakuwa kitu kidogo. Ndivyo nilivyodhani. Nikaitupia begani ngoma ikiwa bado imefungwa kwenye gunia, nikashuka nayo kuelekea sokoni, huku wauza mitumba wakifunika mali yao kwa turubai na mikokoteni ikinipigia miluzi nitoke njiani.

Ngoma ilikuwa ya Shangazi Kathini, dada ya marehemu baba. Zamani alikuwa mpigaji wa kilumi, ngoma ya kwetu Ukambani, anayejulikana vijiji vingi. Halafu akaokoka, akaisukuma ngoma kwenye banda la mbuzi na kuisahau. Nilipompigia simu kumwomba, hakusita hata kidogo. "Ichukue," alisema. "Mimi mambo hayo niliyaacha." Hakusema kingine, nami sikuuliza.

Wazo la kuanzisha bendi lilikuwa la Amolo. Huyo ni rafiki yangu tangu tukiwa na makamasi, mtoto wa Kaloleni, na anapiga orutu, ile fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja. Siku moja alinionyesha kwenye simu bendi ya wazungu, nusu yao wa Skotlandi na nusu wa Ayalandi, wameketi wakipiga nyimbo za nyanya zao zikaungana kabisa, hujui wimbo wa huyu unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi.

"Hawa ni majirani tu," Amolo akasema. "Na sisi je? Wewe na mimi tumekaa mitaa inayopakana miaka yote. Tunashindwa na nini?"

Nikamwambia Mkamba na Mjaluo wakiungana Nairobi ni kwa mpira au kwa siasa, na vyote viwili huishia kwa mawe. Alicheka. Lakini lile wazo lilinikaa, likanikosesha usingizi mzuri.

Mwimbaji alikuwa dada yangu, Nzilani.

Acha nimseme kidogo, kwa sababu yote haya ni kwa ajili yake. Mama yetu, Mbinya, ana watoto wawili tu: mimi, na huyo kitinda mimba. Nzilani akiimba kanisani watu husahau kuangalia saa. Alikuwa mtani, mbishi, mtu wa kukujibu kabla hujamaliza swali. Ukimwambia njoo, anakuuliza kwa nini usiende wewe. Tulikuwa tukigombana kila siku, na siku nisipogombana naye, nilijiona kama sijala.

Tulifanyia mazoezi katika karakana ya Shiundu, fundi mwenzangu kutoka Magharibi, ambaye pia alikuwa akitupigia kayamba. Jioni hiyo misumeno ilikuwa imenyamaza. Vumbi la mbao lilikuwa bado linaelea hewani, na harufu ya vanishi ilikuwa imejaa puani. Nikafungua gunia. Ngozi ya ngoma ilikuwa kavu, lakini nilipoigonga kwa kidole, ilijibu.

"Hii kitu ina sauti ya mtu," Shiundu akasema.

"Sauti ya mtu ni yako," Nzilani akamjibu. "Ngoma angalau inanyamaza ikiachwa."

Tukacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipocheka na dada yangu.

Amolo hakucheka. Alikuwa akipaka utomvu kwenye upinde wake, polepole. "Leo nataka tujaribu wimbo wangu," akasema. "Ni wa Austine."

Austine alikuwa kaka yake mkubwa. Alikufa mwaka ule wa korona, akazikwa alfajiri na watu waliovaa mavazi meupe, huku mama yao, Celine, akizuiliwa njiani na askari. Alifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Mtaani tuliendelea kumwita Mama Austine, na alikuwa akiitika, lakini tangu hapo hakuna aliyekuwa amemwona akilia. Kwa Wajaluo, hilo la kuzika kimyakimya ni jambo zito. Marehemu husifiwa. Mpiga orutu huketi uani akamtaja jina, akamtaja tena, akataja baba zake na safari zake, mpaka mioyo ya watu iridhike. Austine hakupata hata ubeti mmoja.

"Nimemtungia kwa Kiswahili," Amolo akasema, "ili Nairobi yote imsikie. Nyinyi nipeni mdundo wenu."

Mdundo wetu... Kwetu kilumi ni ngoma ya kinamama. Mtu akisumbuliwa na pepo hupigiwa hadi pepo apande, aseme anachotaka, apewe, aende zake. Nilikuwa nimeitazama utotoni nikiwa nimejificha nyuma ya Shangazi, na mikono yangu haikuwahi kuisahau. Mimi nilichotaka ni utamu wake tu. Mambo ya pepo sikuyawaza hata kidogo.

Tukaanza.

Mwanzoni tuligongana vibaya. Orutu yake ilikuwa inakimbia, ngoma yangu inavuta. Tukaacha, tukaanza upya. Nzilani akatuambia tunafanana na watu wawili wanaobeba kochi mlangoni kila mtu na upande wake. Halafu, sijui ni nani aliyebadilika, tukaingia. Wallahi tuliingia. Uzi wa Amolo ulikaa ndani ya ngoma yangu kama ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu lake, bila gundi, bila msumari. Nywele za mikono yangu zilisimama kwa raha.

*Austine, wamekulaza kwenye baridi*, Amolo akaimba.

*Kwenye baridi*, Nzilani akaitikia.

*Austine, umeondoka bila wimbo.*

*Bila wimbo.*

*Austine, rudi tukuimbie.*

*Rudi tukuimbie.*

Tukazunguka hivyo, tena na tena. Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, nami sikuona haja ya kuwasha taa. Ndipo pua yangu ikasikia harufu ya udongo. Udongo mbichi, ulioloa maji. Ilikuwa Februari, na mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi.

*Austine, wamekulaza kwenye baridi.*

Hakuna aliyeitikia.

Nikainua macho. Nzilani alikuwa amesimama katikati yetu, kichwa kimeinama, mikono imening'inia. Mabega yake yalikuwa yakienda na ngoma. Miguu ilikuwa imetulia. Mabega tu.

"Nzi..." nikataka kumwita. Sauti haikutoka.

Nikataka kuacha kupiga. Mikono ilikataa. Naomba mnielewe hapo. Niliiona mikono yangu mwenyewe ikienda, nikaiamuru isimame, na haikunisikia.

Shiundu aliacha kutikisa kayamba. Katika ule utupu mdogo, nikasikia kitu kikikanyaga maranda nyuma yangu. Polepole. Kikapita karibu na bega langu, na ubavu wangu wote ukaingia baridi. Maranda yalikoma kulia pale aliposimama dada yangu.

Kisha sauti ikatoka kinywani mwake, nzito, kavu.

"Baridi."

Amolo akaacha kupiga. Hapo hapo mikono yangu ikaachiliwa, ikaanguka mapajani. Amolo alikuwa anatiririkwa na machozi, na usoni mwake hapakuwa na hofu hata kidogo. Alimsogelea Nzilani, akamnong'oneza karibu kabisa na uso.

"Austine... ni wewe?"

Kimya.

Kimya kirefu.

"Ni mimi."

Shiundu aliweka kayamba chini taratibu, akatoka. Aliondoka kwenye karakana yake mwenyewe na kutuachia funguo.

"Umeondoka bila wimbo," Amolo akamwambia.

"Bila wimbo," ile sauti ikasema.

Niliruka, nikamshika Nzilani mabega, nikamtikisa, nikamwita kwa Kikamba majina yote aliyoitwa utotoni. Alinitazama. Macho yalikuwa yake, na hakuna aliyekuwa akiniona kupitia kwayo. Nilihisi nimeshika koti la mtu.

Amolo alikuwa tayari amempigia mama yake simu. Kutoka Kaloleni hadi Gikomba si mbali, lakini yule mama hakutembea. Alifika akihema, leso moja kiunoni na nyingine mkononi, malapa ya nyumbani miguuni. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya dada yangu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Austine?" akasema polepole. "Nyathina? Mwanangu?"

Yule aliyekuwa ndani ya Nzilani akainamisha kichwa upande.

"Una baridi?"

"Baridi."

"Njaa inakuuma?"

"Njaa."

"Mama yako nimekuja."

"Mama," akasema.

Mama Austine akatoa sauti ndogo, si kilio, si kicheko. Akaifungua ile leso ya pili, akamfunika nayo mabegani, akaifunga vizuri shingoni, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kliniki.

"Twende nyumbani."

"Nyumbani."

Nikasimama mlangoni. "Mama Austine, tafadhali. Huyu ni Nzilani. Ni dada yangu."

"Najua ni nani, Mutie," akaniambia kwa upole kabisa. "Nipishe."

Nikampisha. Mpaka leo najiuliza ningefanya nini. Ningempiga mama wa watu? Ningemnyang'anya dada yangu kwa nguvu, halafu nimpeleke wapi? Niliwafuata nyuma hadi Kaloleni kama mbwa, nikaona mlango ukifungwa.

Nilimpigia Shangazi nikiwa nimesimama pale nje.

"Mambo hayo niliyaacha," akasema kabla sijamaliza.

"Shangazi, ni Nzilani."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Alipopanda mlimuuliza jina?"

"Tulikuwa tunalijua."

"Mlilijuaje?"

"Lilikuwa ndani ya wimbo. Ni desturi ya kina Amolo, wanamtaja aliyekufa."

"Mwanzo kabisa? Kabla hajafungua mdomo?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. "Pepo hatajiwi jina, Mutie. Unapiga, unangoja. Atajitaja mwenyewe. Hata kukikucha, unangoja. Kila mtoto wa mpigaji anajua hilo."

"Mimi sikujua. Nilikuwa nasikiliza mdundo tu."

"Haya. Basi sasa amefuata njia yao, si yetu. Mimi siwezi kumfukuza kwa jina la watu wengine. Wenye jina ndio wamwambie aende. Ikiwa ni mtu wao, atawasikia." Akaanza kuomba kwa Kikamba, na katikati ya maombi simu ikakatika.

Kati ya wenye jina, wa kusema hivyo alikuwa mama mmoja tu.

Nilirudi kesho yake jioni, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Nyumba ilikuwa inanukia samaki. Nzilani alikuwa ameketishwa kwenye kochi la heshima, amevalishwa shati la bluu lililokuwa la Austine. Mama Austine alikuwa akimlisha kwa mkono, tonge kwa tonge, akimsimulia habari za nyumbani Siaya, nani ameoa, nani amehama. Yeye alikuwa akiitikia maneno ya mwisho. *Ameoa. Amehama.* Amolo alikaa kwenye kigoda na orutu yake akimpigia.

Alikuwa anakula kuliko mwanaume, na alikuwa anakonda. Hakuwa analala. Ukienda alfajiri unamkuta amelala chali, macho wazi, yanatazama mabati. Midomo ilipasuka. Mifupa ya shingo ikajitokeza. Tulimpeleka hospitali, Mama Austine akiwa amemshika mkono njia nzima, na daktari akasema ana msongo wa mawazo, apumzike. Mchungaji Kilonzo wa kanisa letu alikuja, akakemea mpaka sauti ikamkauka, na dada yangu akamtazama kwa utulivu. Kila alipopaza "Toka!" yeye alijibu, "Toka," taratibu, kama mwanafunzi mwema. Mchungaji akapewa chai, akainywa haraka, akaenda.

Nilimshika Amolo uani.

"Dada yangu anakufa, Amolo."

"Najua."

"Basi mwambie mathe amwachilie."

"Nilimwambia." Aliangalia vidole vyake. "Akaniuliza kama nataka amzike Austine mara ya pili. Wewe ungemjibu nini?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilichoweza kufanya ni kurudi kazini, nikapima mbao, nikazikata fupi, nikazitupa, nikapima nyingine. Wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Mama yangu alijaribu maneno. Alipiga magoti kwenye sakafu ya watu, na mimi mwanawe nikiwa nimesimama hapo namwangalia.

"Mama Austine, naomba mtoto wangu."

"Wewe ulimzaa huyu, na mimi nilimzaa yule," Mama Austine akamjibu. Hakuwa na hasira. "Wangu alichukuliwa. Kuna mtu alipiga magoti kuniuliza?"

Mama akainuka, tukaenda nyumbani Mbotela.

Lakini mama ni mama, ana ukaidi wake. Kesho yake jioni alirudi na beseni, maji ya moto na sabuni, akasema hakuja kuomba chochote, amekuja kumwosha mwanawe miguu. Mama Austine akasita, kisha akampisha. Mama akaketi chini. Akaweka mguu wa Nzilani kwenye beseni, akaanza kuusugua, na huku anasugua anaongea, hata sijui anaongea na nani.

"Hii alama ni ya uji. Alikuwa ana miaka miwili, akavuta sufuria. Nilikimbia naye bila viatu mpaka zahanati. Na huu ukucha, aliuvunja akicheza mpira na wavulana, nikamchapa, halafu usiku nikamkuta analia, nikalia naye. Kidole hiki ni cha baba yake. Hiki ni cha kwangu."

Alisema hivyo kidole kwa kidole. Mama Austine alikuwa amesimama kwenye pazia la chumbani. Nilimwona anaitazama ile miguu iliyokonda, mifupa imejitokeza. Akakaa kwenye mkono wa kochi. Na hapo, mama ambaye mtaa mzima haujawahi kumwona akilia, alilia. Alilia kwa sauti, kwa Kijaluo, kilio kile cha matanga, mpaka majirani wakaja mlangoni. Mama yangu akaacha beseni, akamshika. Walilia pamoja mpaka wakachoka.

"Leteni hiyo ngoma," Mama Austine akasema. "Nimuage vizuri. Angalau safari hii nitakuwepo."

Nilikimbia Gikomba kuichukua. Nilirudi jua likiwa bado halijazama sawasawa, mwanga mwekundu kwenye ukuta. Mbali na Nzilani, tulikuwa wanne tu ndani: mimi na ngoma, Amolo na orutu, na mama wawili. Yeye katikati, amesimama. Nikaanza kupiga, na Amolo akaingia, na ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko siku ile.

Harufu ya udongo ikaja.

Mama Austine akasogea, akamshika uso kwa viganja viwili. Alimwambia mengi kwa Kijaluo. Niliyoelewa ni machache. Alimwambia samahani kwa askari wale. Alimwambia amelishwa, ameimbiwa, ameliliwa, mbele yake sasa ni njia safi. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Mwisho akamaliza kwa Kiswahili ili sote tushuhudie.

"Austine mwanangu, nimekupa ruhusa. Muachie huyu mtoto wa watu. Nenda. Oriti, kwaheri, nyathina."

Amolo akaacha kupiga. Mikono yangu ikaachiliwa.

Tukangoja.

Nzilani hakuanguka. Hakutetemeka. Alisimama vilevile, uso kwenye viganja vya mama yule. Halafu akavua leso aliyofungwa shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kochi. Na akaongea. Sauti haikuwa ile nzito ya kila siku, wala ya dada yangu. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na mahali.

"Mnanifukuza kwa jina lisilo langu."

Mama Austine akarudisha mikono yake kifuani. "Austine?"

"Ni nyinyi mliosema hivyo."

Upinde ukamponyoka Amolo, ukalia sakafuni.

Ndipo nikaona. Nilikaa pale na ngoma kati ya miguu, nikayapitia maneno yote tangu ile jioni ya kwanza. Baridi. Bila wimbo. Njaa. Mama. Nyumbani. Hakuna neno alilowahi kusema ambalo hatukuwa tumemtilia mdomoni sisi wenyewe. Tulimtangulizia jina, akalivaa. Tulimtangulizia mama, akamwita mama. Austine, popote alipo, labda hakusikia chochote. Mwingine alikuwa karibu. Mlango ulikuwa wazi, na sisi tukamwambia karibu, wewe ni fulani.

"Basi wewe ni nani?" nikauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka. Mama Austine aliyekuwa amejikunja kwenye kochi. Amolo. Mimi. Alitutazama kwa subira, kama mtu anayesubiri kuambiwa.

Nikajua anangoja nini. Nikataka kupiga kelele, mtu asiseme neno, mtu asitaje jina lolote. Nilifungua mdomo ikatoka pumzi tu.

Na mama yangu akanyoosha mikono.

"Nzilani?" akasema. "Nzilani mwanangu... ni wewe?"

Kimya.

Kimya kirefu.

"Ni mimi."

Sauti ilikuwa yake. Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Mama akamkumbatia, wakaenda chini wote wawili. Alikuwa anacheka, analia, anamsifu Mungu. Amolo alikuwa amemshika mama yake, ambaye alikuwa akirudia neno moja, "Basi ni nani niliyemlisha? Basi ni nani?" Mimi nilibaki na ngoma.

Niliichoma kesho yake nyuma ya karakana. Iliwaka kama kuni nyingine yoyote. Bendi ikafia hapo. Amolo amehamia kwa ndugu zake Siaya pamoja na mama yake, na tukipigiana simu tunaongea habari za mvua.

Nzilani yuko nyumbani. Amenenepa. Analala, anaamka, anafagia. Amerudi kwenye kwaya, na wiki iliyopita kanisa lilitoa sadaka ya shukrani kwa ajili yake. Mchungaji Kilonzo anausimulia ushuhuda huo kila anapoalikwa. Ukimtuma, anaenda. Ukimwambia njoo, anakuja. Mama anasema ugonjwa umemfunza adabu, na anasema hivyo kwa furaha, na mimi nani nimwondolee furaha hiyo? Nimwambie nini? Nina ushahidi gani, zaidi ya kwamba dada yangu ameacha kunigombeza?

Jana jioni tulikuwa jikoni, yeye anachambua mboga, mimi nimekaa kizingitini. Mama alikuwa ameenda ibada. Nilikuwa nimejikaza siku nyingi. Nikamwambia, kama mtu anayepiga soga tu, aniimbie ule wimbo aliokuwa akipenda kuniimbia tukiwa wadogo, ule wa kunikasirisha, ule aliotunga mwenyewe.

Aliacha mboga. Akaniangalia kwa upole mwingi, na kwa subira.

"Anza wewe, Mutie," akasema. "Nitafuata."